Bastola ya kufichwa: Ukubwa, kaliba na sheria ya Ubelgiji

Ubelgiji ndiko ilikoundwa, zaidi ya miaka 100 iliyopita, bastola ndogo ya mfukoni iliyokuja kuenea duniani kote. Hata hivyo, katika manispaa ya Saint-Josse-ten-Noode mjini Brussels, raia anayefikiria kubeba silaha ya aina hiyo chini ya koti lake hukutana na sheria kabla hajafika kwenye swali la ukubwa wa bastola au la unene wa risasi.

Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo matatu, yaani ukubwa, kaliba na kibali, yanavyohusiana, na kwa nini ushauri unaotolewa Marekani au Nairobi hauwezi kuhamishiwa Brussels kama ulivyo.

Manispaa finyu, wasiwasi mkubwa

Saint-Josse-ten-Noode, au Sint-Joost-ten-Node kwa Kiholanzi, ni mojawapo ya manispaa 19 zinazounda Mkoa wa Mji Mkuu wa Brussels. Ndiyo ndogo kuliko zote nchini Ubelgiji. Eneo lake ni zaidi kidogo tu ya kilomita moja ya mraba, na wakazi wake wapatao 27,000 wanaifanya kuwa manispaa yenye msongamano mkubwa kupita nyingine zote za nchi hiyo.

Karibu na Kituo cha Reli cha Kaskazini, mtaa wa Rue de Brabant hujaa wanunuzi wa vitambaa, mavazi ya harusi na vito vya dhahabu. Nyumba zimebanana, maduka yako chini na familia zinaishi juu. Jioni milango inapofungwa, wapo wafanyabiashara wanaorudi nyumbani na mauzo ya siku nzima mfukoni.

Wasiwasi wa usalama haukuanza leo. Mwaka 2024, mkoa wa Brussels ulishuhudia zaidi ya matukio 80 ya ufyatuaji wa risasi, mengi yakihusishwa na magenge yanayogombania biashara ya dawa za kulevya. Mwezi Februari mwaka 2025, watu waliobeba bunduki za kivita walifyatua risasi kwenye mlango wa kituo cha treni za chini ya ardhi cha Clemenceau, katika manispaa ya Anderlecht.

Katika mazingira kama hayo si ajabu sonara, dereva wa teksi za usiku au mwenye duka akajiuliza iwapo asingekuwa salama zaidi akiwa na bastola kiunoni. Swali hilo huwajia kwa wepesi zaidi wale wenye jamaa nchini Marekani, ambako kubeba silaha iliyofichwa ni jambo la kawaida katika majimbo mengi, au waliotoka Kenya, ambako raia mwenye leseni anaweza kuwa na bastola mwilini.

Herstal, chimbuko la bastola ya mfukoni

Kiwanda cha Fabrique Nationale, maarufu kwa kifupi cha FN, kilianzishwa mwaka 1889 katika mji wa Herstal karibu na Liège. Lengo lilikuwa kuitengenezea serikali ya Ubelgiji bunduki 150,000 aina ya Mauser. Miaka michache baadaye kiwanda hicho kiliingia mkataba na mvumbuzi wa Kimarekani, John Moses Browning, na ushirikiano wao ukabadilisha historia ya silaha ndogo.

Bastola ya mwaka 1900 ilikuwa bapa, ikijipakia risasi yenyewe, tofauti na rivolva yenye gurudumu nene la kuzungushia risasi. Ilibeba risasi 7 za milimita 7.65. Mamia kwa maelfu ya bastola hizo ziliuzwa, na jina Browning likawa, katika lugha ya Kifaransa, neno la kutajia bastola yoyote ya aina hiyo.

Kisha ikaja ndogo zaidi, ya milimita 6.35, yenye urefu wa takriban sentimita 11 na nusu, iliyokusudiwa kutiwa katika mfuko wa kizibao. Mwaka 1910 kilitolewa kielelezo kingine ambacho hakikuwa na nyundo iliyochomoza nje, na umbo lake laini lilifanya isinase kwenye nguo inapochomolewa. Ni silaha ya aina hiyo, ya milimita 9 fupi, ambayo Gavrilo Princip aliitoa mfukoni mjini Sarajevo tarehe 28 Juni mwaka 1914 na kumuua mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria pamoja na mkewe.

Vita vilivyofuata vilifika hadi Afrika Mashariki. Mwezi Septemba mwaka 1916, jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, lililojaa askari wa Kiafrika, liliutwaa mji wa Tabora kutoka kwa Wajerumani. Bila shaka vita hivyo vilikuwa na sababu nyingi, lakini mkasa wa Sarajevo uliwafunza watawala wa Ulaya kwamba silaha inayofichika kirahisi ina hatari yake ya pekee: haionekani mpaka imekwisha kutumika.

Kaliba ni nini hasa?

Kaliba ni kipenyo cha risasi au cha tundu la mtutu. Wazungu wa bara hukipima kwa milimita, na Wamarekani kwa sehemu za inchi. Ndiyo maana risasi moja huwa na majina mawili. Ile ya milimita 6.35 huitwa .25 nchini Marekani, ya milimita 7.65 huitwa .32, na milimita 9 fupi huitwa .380.

Jina peke yake linaweza kupotosha. Milimita 9 fupi na milimita 9 Parabellum zinakaribiana sana kwa kipenyo, lakini ganda la kwanza lina urefu wa milimita 17 na la pili milimita 19. Hii ya pili hubeba baruti nyingi zaidi na hutoa msukumo mkubwa zaidi, na haifai kutiwa katika bastola iliyoundwa kwa ajili ya ile fupi.

Nguvu ya risasi hupimwa kwa jouli. Kwa makadirio ya kawaida, risasi ya milimita 6.35 hutoka mtutuni ikiwa na takriban jouli 90, ya 7.65 takriban 170, ya milimita 9 fupi takriban 270, na ya milimita 9 Parabellum hukaribia 500. Hatua ya kutoka ndogo hadi kubwa, basi, ni zaidi ya mara tano.

Hata hivyo, hakuna risasi ya bastola inayomrusha mtu nyuma kama inavyoonyeshwa katika filamu. Madaktari na wakufunzi wa polisi wanakubaliana kwamba kinachoamua matokeo ni mahali risasi ilipopiga na kina ilichofikia. Risasi nene iliyokosa shabaha haimzuii mshambuliaji, bali inaendelea na safari yake kuelekea kwa mtu mwingine.

Funzo la Miami

Mjadala wa kaliba ulipamba moto baada ya tukio la tarehe 11 Aprili mwaka 1986 mjini Miami, Marekani. Maafisa 8 wa shirika la upelelezi la FBI walipambana na majambazi wawili. Maafisa wawili waliuawa na wengine 5 wakajeruhiwa.

Uchunguzi uligundua kwamba risasi moja ya milimita 9 ilimpata jambazi mmoja mapema, ikapita mkononi na kuingia kifuani, lakini ikasimama kabla ya kuufikia moyo. Mtu huyo aliendelea kupigana kwa dakika kadhaa.

Tangu hapo FBI iliweka kipimo: risasi ipenye kati ya sentimita 30 na 45 katika jeli maalumu inayofananishwa na nyama ya mwili. Ikiwa pungufu, haifiki panapostahili. Ikizidi, hutoka upande wa pili na kuwa hatari kwa wapita njia. Shirika hilo lilihamia kwanza kwenye risasi za milimita 10, kisha .40, zenye nguvu zaidi.

Lakini katikati ya muongo wa 2010, FBI ilirejea kwenye milimita 9. Sababu zake zilikuwa za kivitendo. Maafisa wengi walilenga vizuri zaidi na haraka zaidi kwa risasi yenye mshtuko mdogo, bastola ilibeba risasi nyingi zaidi, na teknolojia ya risasi inayotanuka ndani ya mwili ilikuwa imeboreka kiasi cha kupunguza tofauti kati ya kaliba hizo.

Hapo ndipo penye jambo ambalo msomaji wa Brussels anapaswa kulizingatia. Hoja ya Wamarekani inaegemea risasi inayotanuka. Barani Ulaya, maelekezo ya mwaka 1991 kuhusu silaha yaliiweka risasi ya bastola ya aina hiyo katika kundi la vitu vilivyopigwa marufuku kwa raia, isipokuwa kwa uwindaji na michezo ya shabaha. Kanuni hiyo imeendelea katika maelekezo yaliyofuata.

Kwa maneno mengine, raia wa Ubelgiji aliyepewa kibali cha kujilinda hawezi kufuata ushauri huo wa Kimarekani kwa ukamilifu. Risasi isiyotanuka ya milimita 9 hupenya zaidi, na inaweza kumpita aliyekusudiwa au ukuta mwembamba. Katika manispaa ambayo maelfu ya watu wanaishi bega kwa bega, hilo si jambo la nadharia tu.

Kinachofichika na kinachodhibitika

Watengenezaji wa kisasa huzigawa bastola katika ukubwa mbalimbali. Mfano mzuri ni za kampuni ya Glock ya Austria, zote za milimita 9 Parabellum. Kielelezo namba 17 kina urefu wa takriban sentimita 20 na hubeba risasi 17. Namba 19, cha ukubwa wa kati, hubeba 15. Namba 26, kilicho kifupi na kinene, hubeba 10, na namba 43, kilicho chembamba zaidi, hubeba 6.

Kwa mtazamo wa kwanza, anayetaka kuficha angechagua iliyo ndogo kuliko zote. Lakini udogo una gharama zake.

Gharama ya kwanza ni mshtuko. Risasi ileile inapofyatuliwa kutoka kwenye bastola nyepesi humpiga mshikaji teke kali zaidi kuliko kutoka kwenye bastola nzito. Mpini mfupi huacha kidole cha mwisho bila pa kushika, na silaha huruka mkononi. Mtu hushindwa kuirudisha kwenye shabaha kwa wakati.

Gharama ya pili ni usahihi. Mtutu mfupi hupunguza kasi ya risasi, na umbali kati ya alama mbili za kulengea unapokuwa mdogo, kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Bastola ya mfukoni hufaa kwa hatua chache, si kwa upana wa barabara.

Gharama ya tatu ni ugumu wa kuitumia. Katika bastola ndogo za milimita 9, springi inayorudisha sehemu ya juu huwa ngumu, na wazee au watu wenye mikono dhaifu hupata taabu kuivuta. Kwa watu hao, silaha ya kaliba ndogo yenye springi laini inaweza kuwa na manufaa zaidi kuliko kubwa wasiyoimudu.

Gharama ya nne hujitokeza mazoezini. Bastola inayoumiza mkono hubaki kabatini. Mwenyewe huifyatua mara chache, kisha huridhika kwamba anayo. Wakufunzi wengi huwapendekezea wanaoanza silaha ya ukubwa wa kati ya milimita 9, kwa kuwa humwezesha mtu kujifunza bila kuogopa mlipuko.

Nguo nazo zina neno lake. Koti zito la mwezi Desemba huficha bastola ambayo shati la mwezi Julai litaifichua. Ala ya bastola haina budi kufunika kifyatulio chote, na mfuko unaotiwa silaha usiwe na kitu kingine chochote, kwa sababu ufunguo au kalamu iliyopenya mahali pabaya inaweza kukifyatua.

Kwa muhtasari, sayansi ya silaha inatoa jibu lisilo na mbwembwe: mtu achague kaliba kubwa anayoweza kuidhibiti, katika ukubwa anaoweza kuubeba kila siku, na afanye mazoezi. Lakini jibu hilo linamhusu yule tu ambaye sheria imemruhusu kuuliza swali lenyewe.

Sheria inauliza swali jingine

Kwa miongo mingi, silaha nchini Ubelgiji zilisimamiwa na sheria ya tarehe 3 Januari mwaka 1933. Bastola na rivolva ziliitwa silaha za ulinzi na zilidhibitiwa, ilhali bunduki nyingi za uwindaji na michezo ziliweza kununuliwa kwa kuonyesha kitambulisho tu.

Hali hiyo ilibadilika kutokana na msiba. Tarehe 11 Mei mwaka 2006, mjini Antwerp, kijana mwenye chuki ya rangi alinunua bunduki ya uwindaji dukani, na siku hiyohiyo akamjeruhi mwanamke mwenye asili ya Uturuki aliyekuwa ameketi kwenye benchi. Kisha akamuua mwanamke mjamzito kutoka Mali aliyekuwa akifanya kazi ya kulea mtoto, pamoja na mtoto huyo wa miaka 2. Muuaji alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2007.

Chini ya mwezi mmoja baada ya mauaji hayo, Ubelgiji ilipata sheria mpya ya silaha, ya tarehe 8 Juni mwaka 2006. Tangu hapo, kitambulisho hakitoshi tena. Silaha za moto, ila zile chache zilizo huru kuuzwa na zile zilizopigwa marufuku kabisa, zinahitaji kibali.

Mwombaji wa kibali cha kumiliki lazima awe mtu mzima asiye na hukumu za makosa yaliyoainishwa. Lazima alete cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba anaweza kushika silaha bila kujihatarisha mwenyewe au wengine. Hufanya mtihani wa nadharia na wa vitendo. Aidha, watu wazima wanaoishi naye nyumba moja wasiwe na pingamizi. Mke, mume au mwana aliyekua ana sauti katika jambo hili.

Lililo gumu zaidi ni sharti la sababu halali. Sheria inataja uwindaji, michezo ya shabaha, kazi yenye hatari ya pekee, ukusanyaji wa silaha za kihistoria na shughuli za kiutamaduni au kisayansi. Inataja pia ulinzi wa nafsi, lakini kwa mtu anayekabiliwa na hatari kubwa inayothibitika, na ambaye anaonyesha kwamba silaha hiyo itaipunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa na inaweza kumlinda.

Hofu ya jumla, ya aina ile inayosikika katika mazungumzo ya jioni Rue de Brabant, haifikii kipimo hicho. Kuishi katika mtaa wenye wizi, au kufunga duka usiku, si uthibitisho wa hatari inayomlenga mtu fulani.

Kumiliki si kubeba

Hata aliyepata kibali cha kumiliki hana ruhusa ya kutembea na silaha. Kubeba kunahitaji kibali cha pili, kinachotolewa na gavana wa mkoa kwa muda usiozidi miaka 3, nacho hutaja masharti ya ubebaji. Mjini Brussels, ambako hakuna mkoa wa kawaida wenye gavana, majukumu hayo yako kwa afisa mwandamizi wa mamlaka ya mkoa wa mji mkuu. Aliyenyimwa anaweza kukata rufaa kwa Waziri wa Sheria.

Mwanamichezo wa shabaha anaweza kuwa na bastola ya milimita 9 nyumbani kwake Saint-Josse kwa mujibu wa sheria. Anapokwenda kwenye uwanja wa mazoezi, ni lazima aisafirishe ikiwa haina risasi, ndani ya sanduku lililofungwa. Akiitia kiunoni ikiwa imejaa risasi na kupita nayo dukani, amevunja sheria sawa na asiye na kibali cha kubeba. Adhabu inaweza kuwa kifungo cha mwezi mmoja hadi miaka 5, pamoja na faini.

Tahadhari hiyo inavihusu pia vitu ambavyo wageni wengi hudhani ni vya kawaida. Kopo la kupulizia pilipili, ambalo mwanamke anaweza kulinunua dukani katika nchi jirani ya Ufaransa, ni silaha iliyopigwa marufuku kwa raia nchini Ubelgiji. Ndivyo ilivyo pia kwa kifaa cha kupigia shoti ya umeme, kisu cha kuchomoka kwa springi, na silaha iliyoundwa ikafanana na kalamu au bakora.

Sheria ya kujitetea nayo ina mipaka. Mahakama hutazama kama shambulio lilikuwa la papo hapo, lisilo halali na lililomlenga mtu, na kama jibu lililingana na hatari. Anayemfyatulia risasi mwizi anayekimbia na mkoba wa mauzo atakuwa na wakati mgumu kueleza kwamba alikuwa akiitetea nafsi yake.

Wale wanaobeba

Wengi wanaobeba bastola kihalali katika mitaa ya Saint-Josse ni polisi. Manispaa hiyo iko katika eneo moja la polisi pamoja na Schaerbeek na Evere, na milimita 9 Parabellum ndiyo kaliba ya kawaida ya polisi wa Ubelgiji.

Hata kwao, silaha si kinga kamili. Tarehe 10 Novemba mwaka 2022, askari kijana wa eneo hilo aliuawa kwa kisu akiwa ndani ya gari la doria katika mtaa wa Rue d'Aerschot, nyuma ya Kituo cha Kaskazini. Mwenzake alijeruhiwa. Walikuwa wawili na walikuwa na mafunzo, lakini shambulio lilikuja ghafla na kwa karibu mno. Mshambuliaji alizuiwa kwa risasi za askari waliofika kuwasaidia.

Tukio hilo linaonyesha kitu ambacho majedwali ya kaliba hayakisemi. Katika umbali wa mkono, muda ndio unaoamua. Bastola iliyozama chini ya koti lililofungwa vifungo huhitaji sekunde ambazo mara nyingi hazipo.

Nairobi na Brussels

Nchini Kenya, Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inamruhusu raia kupewa leseni baada ya kuchunguzwa, na wenye leseni hubeba bastola zao zikiwa zimefichwa. Tarehe 21 Septemba mwaka 2013, wakati magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, baadhi ya raia wa aina hiyo waliingia ndani kabla ya vikosi vikuu. Miongoni mwao alikuwa Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa. Akiwa na bastola, alisaidia kuwatoa watu waliokuwa wamejificha.

Watu 67 waliuawa na magaidi katika mkasa huo, na ujasiri wa raia hao ulisifiwa sana. Lakini siku hiyo pia ilionyesha hatari ya watu wengi wenye silaha wasiotambuana. Iliripotiwa kwamba afisa wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za wanajeshi. Ikiwa askari wanaweza kudhaniwa kuwa maadui, raia aliyevaa shati na kushika bastola ana nafasi ndogo zaidi ya kutambuliwa.

Kenya nayo iliona haja ya kukaza udhibiti. Mwezi Desemba mwaka 2018, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye silaha wahakikiwe upya. Tanzania ilikuwa imetunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015. Tofauti na Ubelgiji ipo, lakini swali la msingi ni lile lile: nani ana sababu ya kutosha, na nani anaweza kuaminiwa?

Mpangilio wa maswali

Vijiwe vya silaha hupenda kuanza na kaliba, kisha ukubwa, na mwishowe, kama muda upo, sheria. Kwa mkazi wa Saint-Josse mpangilio huo hauna budi kugeuzwa. Kwanza ni hatari ipi hasa inayomkabili, na kama anaweza kuithibitisha. Pili, iwapo bastola ndiyo dawa ya hatari hiyo, au kufuli imara, kamera, kutokubeba fedha taslimu na kufunga duka wakiwa wawili kungetosha. Tatu, familia yake inasema nini, kwa kuwa silaha iliyo nyumbani humkaribia pia mtoto mdadisi na mtu mzima aliyekata tamaa.

Ni baada ya maswali hayo tu ndipo mambo ya mpini, mtutu na milimita yanapopata maana, na ni watu wachache sana mjini Brussels wanaofika hapo wakiwa na kibali mkononi. Kwa wengine wote, namba yenye manufaa zaidi si 7.65 wala 9, bali ni 101 ya polisi, au 112 ya dharura, inayopigwa bila malipo.